Kuoanisha jenomu za virusi na orodha ya wagonjwa: mwongozo wa anayeanza, kwa data za Ebola ya Sierra Leone

Kila baada ya mafunzo simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Mwalimu, nina faili la FASTA na faili la Excel, sasa nifanyeje?" Mwingine: "Mti umetoka, lakini mzizi unasema 1994." Faili la FASTA ni la maandishi ya jenomu, la Excel ni orodha ya wagonjwa. Mti ni mchoro wa ukoo wa virusi, na mzizi ni babu yao wa pamoja pamoja na tarehe yake. Kumjibu kila mtu peke yake kumenishinda, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Ukifuata kwa mpangilio, siku mbili tatu zinatosha kufika mwisho.

Tutafanya mazoezi kwa Ebola ya Afrika Magharibi ya 2013 hadi 2016, iliyowapata watu zaidi ya 28,000 na kuua zaidi ya 11,000, wengi wao Guinea, Liberia na Sierra Leone. Nimeichagua kwa sababu jenomu zake 1,610 zimewekwa wazi, zaidi kidogo ya 5% ya wagonjwa wote waliojulikana, na majibu yake yanajulikana. Ukikosea, utagundua. Jambo moja kabla hatujagusa kompyuta: makala ya kwanza kubwa ya jenomu kutoka Sierra Leone, ya 2014, ilikuwa na jenomu 99 za wagonjwa 78, na watano kati ya waandishi wake walikuwa wameshafariki kwa Ebola kabla haijachapishwa. Siku utakapotaka kufuta mstari wa jedwali kwa sababu "unasumbua", likumbuke hilo kwanza.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Mwenye Windows aweke WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows) kwanza, asihangaike na njia nyingine. Intaneti ni ya kupakua tu. Umeme ukikatika IQ-TREE ikiwa katikati ya kazi, rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia.
- Programu: seqkit (kushika mafaili ya FASTA), MAFFT (kupanga jenomu), IQ-TREE (kutengeneza mti), TreeTime (kuupa mti tarehe) na augur (kupunguza jenomu), zote zinapatikana kupitia kisakinishi cha conda, mkondo wa bioconda. Pia R yenye vifurushi vya ape, outbreaks na EpiEstim, pamoja na FigTree ya kutazama miti.
- Jenomu: ziko GitHub, kwenye hazina ya ebov/space-time.
- Orodha ya wagonjwa: imo ndani ya kifurushi cha outbreaks, kwa jina `ebola_sierraleone_2014`. Ina tarehe ya kuanza dalili, tarehe ya sampuli, wilaya, na kama mgonjwa alithibitishwa au alishukiwa tu.
- Ukija kwenye data zako mwenyewe: kibali, na jedwali lisilo na majina ya wagonjwa. Tumia namba za siri tangu mwanzo. Jina la kijiji, umri na tarehe ya kifo vikikaa pamoja vinatosha kumtambulisha mtu hata kama jina halipo.

Hatua ya 1: Safisha tarehe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Mgonjwa mmoja ana tarehe nne au tano: dalili zilipoanza, alipofika kituoni, sampuli ilipochukuliwa, maabara ilipopokea, taarifa ilipotumwa. Mti unataka tarehe ya sampuli, kwa sababu hiyo ndiyo siku virusi "vilipigwa picha". Hesabu za mwenendo wa ugonjwa zinataka tarehe ya kuanza dalili. Ukizichanganya, kila kitu kitasogea siku kadhaa na hakuna programu itakayokuonya.

Andika zote kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku: 2014-11-04. Nilipokuwa naanza, niliwahi kupeleka kikaoni mti wenye mgonjwa wa Sierra Leone wa tarehe 11 Aprili 2014. Mzee mmoja wa ufuatiliaji wa magonjwa alinyanyua mkono akauliza, "Huyu wa Aprili ni wa nani?" Sierra Leone ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwishoni mwa Mei. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa 04/11/2014, tarehe nne Novemba, na Excel ya Kimarekani ikageuza siku kuwa mwezi. Tangu siku hiyo sifungui jedwali la tarehe kwa Excel kabla sijaigeuza safu nzima kuwa maandishi.

Kama siku haijulikani, andika 2014-11-XX. Usijaze tarehe 1 au 15 ya kubuni. TreeTime inazielewa hizo XX na itakadiria yenyewe.

Hatua ya 2: Toa jenomu za Sierra Leone na utengeneze jedwali

Majina ya jenomu za hazina ile ni marefu na yamegawanywa kwa vistari wima: neno EBOV, namba ya sampuli, namba ya GenBank (hifadhi ya umma ya jenomu), nchi (SLE ni Sierra Leone), wilaya, tarehe. Lipe faili la jenomu ulilopakua jina `zote.fasta`, tazama jina la kwanza kwa `head -1` uhakikishe mpangilio, kisha:

```
seqkit grep -r -p "\|SLE\|" zote.fasta > sle.fasta
```

Halafu ndani ya R:

```
library(ape)
j <- read.FASTA("sle.fasta")
s <- do.call(rbind, strsplit(names(j), "|", fixed=TRUE))
jedwali <- data.frame(name=sprintf("SL%04d", seq_along(j)),
                      date=s[,6], wilaya=s[,5])
names(j) <- jedwali$name
write.FASTA(j, "jenomu.fasta")
write.csv(jedwali, "jedwali.csv", row.names=FALSE)
```

Namba 6 na 5 ni nafasi ya tarehe na ya wilaya ndani ya jina, zibadilishe kama faili lako limepangwa tofauti. Tumefupisha majina kwa makusudi. Programu za miti huchezea alama zisizo za kawaida. Moja inakata jina kwenye nafasi, nyingine inaweka kistari cha chini, mwisho wa siku mti na jedwali havitambuani.

Angalia pia tahajia za wilaya. Nafasi ndogo kati ya "Western" na "Urban" inatosha kuifanya Freetown iwe miji miwili.

Hatua ya 3: Panga jenomu

Endesha `seqkit stats jenomu.fasta`. Kama urefu wa chini na wa juu ni sawa, zimeshapangwa (kila herufi imesimama chini ya mwenzake), nenda hatua ya 4. Kama ni zako ulizotoka nazo maabara, zipange juu ya jenomu ya rejea:

```
mafft --6merpair --keeplength --addfragments jenomu.fasta rejea.fasta > zimepangwa.fasta
```

Rejea ya kawaida ni NC_002549, virusi vya Yambuku, Kongo, vya 1976, yenye herufi 18,959. Itoe kabla ya kutengeneza mti, kisha hatua ya 4 tumia `zimepangwa.fasta` badala ya `jenomu.fasta`. Wengi huisahau humo. Mwaka 2014 hata mabingwa walitumia virusi vya zamani vya Afrika ya Kati kutafuta mzizi wa mti, wakapata picha isiyo sahihi ya asili ya virusi vya Guinea. Waliofuata walitumia tarehe za sampuli zenyewe na mambo yakanyooka. Sisi tutafanya kama hao wa pili.

Ondoa pia jenomu zenye mapengo mengi (herufi N). Mimi hukata zenye N zaidi ya 10%, ingawa kwa wilaya yenye jenomu mbili tu huwa nalegeza.

Hatua ya 4: Punguza kwa haki

Usitumie jenomu zote kwa sababu tu unazo. Wilaya iliyokuwa karibu na mashine ya kusoma jenomu itakuwa na mamia, ya mbali itakuwa na tatu, na modeli ya kusafiri kwa virusi itaiona ile yenye mamia kama chimbuko la kila kitu.

```
augur filter --sequences jenomu.fasta --metadata jedwali.csv \
  --group-by wilaya month --sequences-per-group 6 \
  --output-sequences teule.fasta --output-metadata teule.tsv
```

Namba 6 si amri ya Mungu. Jaribu 4, jaribu 10, urudie hatua zote zinazofuata. Jibu likibadilika kila ukibadilisha namba, jibu hilo limetoka kwenye ukusanyaji wa sampuli, na usilipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya kana kwamba limetoka kwa virusi.

Hatua ya 5: Mti, kisha saa

```
iqtree -s teule.fasta -m HKY+G -B 1000 -T AUTO
treetime --tree teule.fasta.treefile --aln teule.fasta \
  --dates teule.tsv --confidence --covariation --outdir saa
```

Saa ni kasi ya virusi kukusanya mabadiliko, ndiyo inayotuwezesha kuyapa matawi tarehe. Kabla ya kufungua mti wenyewe, fungua mchoro wa `root_to_tip_regression.pdf`. Kila nukta ni sampuli: kulia ni tarehe yake, juu ni mabadiliko iliyobeba tangu mzizini. Nukta zikipanda pamoja kama ngazi, saa inatembea. Zikitawanyika kama mtama uliomwagika, simama hapo hapo. Hakuna modeli ya baadaye itakayoliokoa hilo.

Kasi unayoitarajia ni karibu 0.0012 kwa kila herufi kwa mwaka, na mzizi uangukie mwishoni mwa 2013 au miezi ya mwanzo ya 2014. Ukitumia sampuli za miezi mitatu ya mwanzo tu utapata kasi kubwa zaidi. Ilitokea hivyo hata 2014, watu wakaogopa kwamba virusi vinabadilika mbio. Sababu ni kwamba mabadiliko mabovu yalikuwa bado hayajachujwa, maana virusi vinavyoyabeba hufa kadiri muda unavyokwenda. Ukipewa data changa, sema "kasi ya muda mfupi" na usitishe watu.

Hatua ya 6: Virusi vilihamia wapi

```
treetime mugration --tree saa/timetree.nexus --states teule.tsv \
  --attribute wilaya --outdir safari
```

Fungua mti uliotoka kwa FigTree, upake matawi rangi kwa wilaya. Hesabu mara ngapi rangi inabadilika kuingia wilaya unayoitafuta. Hiyo ndiyo idadi ya *chini* ya virusi kuingia kutoka nje. Kwa jenomu za mgonjwa mmoja kati ya ishirini, mara nyingine nyingi hazikuonekana kabisa, kwa hiyo kwenye ripoti andika "angalau mara 4", usiandike "mara 4".

Kailahun ni mahali pazuri pa kuanzia. Ndiko wimbi la kwanza lilikoingia kutoka Guinea, na wachunguzi walilihusisha na mazishi ya Mei 2014 ambako aina mbili za virusi vilivyotofautiana kidogo zilivuka pamoja. Tazama kama mti wako unazionyesha.

Hatua ya 7: Mwenendo kutoka kwenye orodha

Sasa acha jenomu pembeni kabisa. Tunataka R (namba, si ile programu ya R), yaani kwa wastani mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi kwa kipindi fulani.

```
library(outbreaks); library(EpiEstim)
wg <- subset(ebola_sierraleone_2014,
             district == "Kenema" & status == "confirmed")
d <- as.Date(na.omit(wg$date_of_onset))
siku <- seq(min(d), max(d), by="day")
idadi <- as.integer(table(factor(as.character(d),
                                 levels=as.character(siku))))
t0 <- 2:(length(idadi)-13)
r <- estimate_R(idadi, method="parametric_si",
       config=make_config(list(mean_si=15.3, std_si=9.3,
                               t_start=t0, t_end=t0+13)))
plot(r)
```

Siku 15.3 ni wastani wa muda kati ya dalili za mgonjwa na dalili za yule aliyeambukizwa naye, kama timu ya WHO ilivyokadiria 2014. Usichukue namba hii ukaitumia kwa kipindupindu au surua.

Makosa matatu nayaona kila mafunzo:

- Kuruka siku zisizo na mgonjwa. Siku yenye sifuri ni data. Ndiyo maana tumetengeneza `siku` kwanza.
- Kuamini wiki mbili za mwisho. Mstari unashuka vizuri, kila mtu anafurahi, kumbe wagonjwa wapo ila fomu zao ziko njiani kwenye pikipiki. Zikate, au ziweke kivuli cha kijivu.
- Kusoma R pale ambapo dirisha la siku 14 lina wagonjwa wawili. EpiEstim huanza ikidhani R ni 5, na data ikiwa haba inabaki na dhana yake. Chini ya wagonjwa 11 kwenye dirisha, mimi sionyeshi namba.

Hatua ya 8: Oanisha

Kwa data hizi za mazoezi huwezi kuunganisha mgonjwa na jenomu yake mmoja mmoja, kwa sababu namba zao hazilingani. Oanisha kwa wilaya na mwezi: jedwali moja, safu za wagonjwa, R, jenomu, na mara virusi vilipoingia. Kwa data zako, hakikisha fomu ya mgonjwa na kichupa cha sampuli vinabeba namba moja tangu wodini. Ukisubiri kuzilinganisha baadaye kwa umri na jinsia, utalia.

Kusoma jedwali hilo ndiko kunakohitaji kichwa. Chukua wilaya mbili zenye wagonjwa kumi kila wiki na R iliyo karibu na 1. Ukitazama orodha peke yake, ni mapacha. Sasa tazama mti. Kwenye ya kwanza, wote wako tawi moja: ugonjwa unazunguka humohumo, mnyororo upo na kuna watu waliotangamana na wagonjwa ambao hawajafikiwa. Kwenye ya pili kuna matawi saba, kila moja na mtu mmoja au wawili: wilaya inazima kila mnyororo, ila unaingizwa upya kutoka nje. Ya kwanza peleka wafuatiliaji zaidi. Ya pili ongea na majirani zake, na uulize gari za abiria zinatoka wapi. Na R ya ile ya pili imekuzwa isivyo halali, maana EpiEstim iliwahesabu wageni kama walioambukizwa hapo. Ina nafasi ya kutenganisha walioletwa na wa ndani, na sasa unajua ni kina nani, kwa hiyo irudie.

Onyo kuhusu "nani alimwambukiza nani"

Swali hili haliepukiki, hasa kwa viongozi. Piga hesabu mwenyewe: herufi 18,959 mara 0.0012 ni mabadiliko kama 23 kwa mwaka, yaani moja kila siku 16. Maambukizi huruka kutoka mtu mmoja kwenda mwingine kila siku 15 hivi. Basi kila mruko una badiliko moja kwa wastani, na karibu miruko minne kwa kila kumi haina badiliko lolote. Mama, mtoto na muuguzi wanaweza kuwa na jenomu ileile herufi kwa herufi, na mti usijue nani alianza.

Jenomu zina nguvu ya kukanusha. Mkisema shangazi alimwambukiza mpwa wake, na virusi vyao vinatofautiana kwa herufi tisa, hapo mmebahatisha, rudini kuuliza upya. Kuthibitisha ni kazi ya mahojiano. Na jina la mtu lisitoke nje ya chumba cha kazi kama "aliyeleta ugonjwa", hata mti ukionekana kusema hivyo.

Mambo yakigoma

*Mzizi unasema 1994, au 1976.* Umesahau rejea ndani ya faili, au tarehe chache zimegeuka. Panga jedwali kwa tarehe utazame mistari mitano ya kwanza na mitano ya mwisho. Mara nyingi kosa linakukodolea macho.

*Nukta zinashuka badala ya kupanda.* Sampuli zako zinatoka muda mfupi mno, au umeweka tarehe ya maabara. Jenomu za wiki sita haziwezi kufanya kazi ya saa. Tumia kasi inayojulikana kwa kuongeza `--clock-rate 0.0012`, na useme wazi kwamba umeiazima.

*TreeTime inalalamika haioni majina.* Linganisha `seqkit seq -n teule.fasta` na safu ya `name`. Itakuwa nafasi, alama ya nukuu, au herufi kubwa na ndogo.

*Tawi moja limerefuka kupita yote.* Ifungue jenomu hiyo. Mabadiliko yakirundikana sehemu moja fupi, yote T kuwa C, hilo ni jambo linalojulikana kwa Ebola na latokea kwa mpigo mmoja. Funika sehemu hiyo kwa N. Yakitapakaa kila mahali, shuku sampuli mbili zilizochanganyika.

*Sampuli moja iko chini sana ya mstari, ina mabadiliko machache mno kwa tarehe yake.* Anayeanza huifuta. Usiifute. Kwanza thibitisha tarehe. Ikiwa sahihi, piga simu wilayani uulize kama mgonjwa ana uhusiano na mtu aliyewahi kupona, kwa sababu virusi vinaweza kukaa kimya mwilini miezi mingi bila kuhesabu muda kama kawaida. Mwaka 2021 Ebola ilirudi Guinea ikiwa na jenomu zinazofanana sana na za 2014 hadi 2016, na haikuwa imetoka porini. Kivu Kaskazini, mgonjwa aliyepona 2019 aliugua tena miezi kama sita baadaye, na mnyororo wa wagonjwa 91 ulifuatiliwa hadi kwake. Nukta chini ya mstari ndivyo inavyoonekana hiyo, kabla mtu yeyote hajahojiwa.